Ndugu Leodegar Mapunda na Chuma cha Upande wa Kulia

Tarehe 30 Juni 1981 Ndugu Leodegar Mapunda anastaafu, baada ya kuitumikia Karakana ya Mshikamano hapa Mchafukoge kwa miaka ishirini na miwili. Tangazo lilipobandikwa ubaoni wengi tulidhani ni mzaha wa Ndugu Uwesu wa kitengo cha kuchomelea. Uwesu ni Myao, Mapunda ni Mngoni, na huyo Uwesu haoni haya kumzushia mtani wake lolote, hata kifo. Kumbe safari hii naye hakuwa na habari. Alisoma tangazo mara mbili, akavua kofia, akarudi kwenye mashine yake, na siku ile hakumtania mtu.

Kazi ya kuandika wasifu huu wa kusomwa kwenye sherehe ya kumuaga nimepewa mimi, Zamda Mbaruku wa ofisini, na naiandika nikiwa bado sijatulia. Tumezoea kumwona mtu huyu kila asubuhi, kipande cha bomba begani, akiuliza chai iko wapi. Sasa tunaambiwa ametimiza miaka hamsini na mitano na anarudi kwao Songea. Sikujua kama watu wa namna ile huzeeka.

Ndugu Mapunda alikuja Dar es Salaam akiwa kijana, akapata kazi ya ufundi bomba katika hospitali moja hapa mjini. Huko ndiko alikoona kwa mara ya kwanza vyuma vya kujishikia: vipande vya bomba vilivyofungwa ukutani, chooni na bafuni, ili mgonjwa ainuke bila kuanguka. Mwaka 1959 alihamia karakana yetu, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya mkandarasi. Baada ya Azimio la Arusha ikawa ya ushirika wetu sisi wafanyakazi, na mwaka 1970 Mapunda alisimama mkutanoni akapendekeza kwamba, pamoja na mageti na madirisha, tuwafungie wazee vyuma hivyo majumbani mwao, kwa kutumia vipande vya bomba tulivyokuwa tukivitupa. Wajumbe walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mtu mmoja aliuliza kama sasa karakana ya ushirika itaingia vyooni mwa watu. Mapunda akajibu ndiyo, huko ndiko wazee wanakoangukia. Pendekezo likapita.

Hakuna chuma alichokifunga akakiacha bila kukining'inia. Nyumba nyingi za Kariakoo ni za fito na udongo, skrubu peke yake hazishiki, kwa hiyo yeye hutoboa ukuta mpaka upande wa pili na kukikaza chuma kwa ubao kule nyuma. Akimaliza humwita mwenye nyumba, hushika chuma kwa mikono miwili, hukunja miguu na kuning'inia kwa uzito wake wote. Naye Mapunda si mtu mdogo. Wenye nyumba walikuwa wakishika vifua, na wengine wakitoka nje kabisa. Uwesu alikwisha kutangaza kwamba siku ukuta utakapomfunika, chakula chake cha mchana ni urithi wake yeye.

Mkaanga samaki mmoja wa Feri, Mzee Kitwana, alifungiwa chuma bafuni kwa ajili ya mkewe anayesumbuliwa na magoti. Mapunda alipopita kukikagua alikuta kimetundikwa papa mkavu kutoka ncha hadi ncha, na mama wa watu bado anainuka kwa kushikilia mlango. Akaning'inia papo hapo katikati ya papa. Alirudi karakana ananuka kiasi kwamba tulimwomba akae nje, lakini Mzee Kitwana aliwahamisha papa wake siku ileile.

Hayo ni ya kuchekea. Liko jingine ambalo likinijia mpaka leo sicheki.

Mwaka 1973 nilikuwa bado sijaajiriwa hapa. Nilikuwa mpangaji wa Bibi Siti binti Sadalla, Kariakoo, na kazi yangu ilikuwa kukaanga vitumbua pale uani. Bibi Siti alikuwa mjane, anaishi katika nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe. Mwanawe wa pekee, Hamis, alikuwa mfanyakazi wa reli mpya huko Mbeya, na kila akija alimsihi mama yake wakaishi pamoja. Bibi hakutaka hata kusikia. Alisema Mbeya kuna baridi, hamjui mtu, na mumewe amezikwa hapa. Mwaka ule aliteleza chooni akaumia kiwiko. Hamis alikuja mbio, wakabishana siku nzima, mwisho wakakubaliana mbele yetu wapangaji: tutafungiwa chuma cha kujishikia, na Bibi akianguka tena basi hakuna mjadala, anahama.

Aliyekuja kufunga ni Ndugu Mapunda. Choo chetu kilikuwa cha kuchuchumaa, kama vyoo vyote vya mtaa ule. Ukuta wa kulia ulikuwa wa mabati ya madebe, usingeshika kitu. Wa kushoto ulikuwa wa tofali, umeungana na jiko. Akafunga kushoto, akaning'inia, ukuta ukatulia. Bibi Siti alimshukuru sana, akamwombea dua, akamkaribisha chai na vitumbua vyangu. Sisi sote tukaona shida imekwisha.

Asubuhi moja ya masika nilikuwa naepua vitumbua niliposikia kishindo. Nilikimbia nikamkuta Bibi yuko chini, kopo limebiringika mlangoni, mguu wa kulia umekaa mkao ambao sitaki kuuandika. Kilichonitia ganzi zaidi ni kile chuma. Kilikuwa juu yake palepale ukutani, kimekaza, hakijalegea hata unywele. Nilijiuliza mtu anaangukaje akiwa na kitu cha kushika ubavuni mwake.

Habari zilipofika Mchafukoge, Mapunda alikuja kwa miguu katika mvua ileile, aproni bado kiunoni. Bibi alikuwa ameshapelekwa hospitali. Mapunda aliingia chooni, akakishika kile chuma, akaning'inia. Hakikutikisika. Akaning'inia tena, nacho kimya. Nilimwona mtu mzima anatoka mle ndani, na maji ya mvua yanamchuruzika usoni au pengine hayakuwa ya mvua. Nadhani angefurahi kama kingeng'oka, maana angalau angejua kosa lake.

Hamis alifika baada ya siku chache. Hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba mfupa wa muundi umevunjika, plasta ikiondolewa mama anakwenda Mbeya, na mafundi wa vyuma wasimjie tena na maneno. Hilo lilimwumiza Mapunda kuliko matusi. Uwesu anasimulia kwamba wiki ile alikabidhi ufunguo wa sanduku lake la vifaa kwa mwenyekiti na kuomba arudishwe kwenye mageti.

Jumapili, baada ya misa, Mapunda alikwenda hospitali kumwona Bibi. Nilikuwa nimekaa kitandani namlisha uji. Akaamkia, akapiga goti, akamwuliza amekosea wapi. Bibi aligeuzia uso ukutani. Nilidhani amekasirika, kumbe ni haya. Aliniashiria niiname, akaninong'oneza sikioni, kisha akaniambia nimwambie. Mimi nilishindwa. Nilikaa katikati ya watu wawili wanaoelewana Kiswahili vizuri kabisa, uji mkononi, na ulimi umekwama. Mwishowe Bibi mwenyewe akajikaza akageuka.

"Mkono wa kulia ndio ninaolia wali, na ndio ninaokupa salamu," alimwambia. "Wa kushoto una kazi yake kule chooni, unaijua. Sasa nikimaliza, nikishike chuma kwa mkono huo, ambao sijaunawa kwa sabuni? Na kesho nikishike tena palepale?"

Ndipo tukaelewa. Tangu kifungwe hakuwa amekigusa kile chuma hata mara moja. Alikuwa anainuka kwa kujisukuma magoti kama zamani. Siku ya mvua mguu ulipoteleza, woga ukamfanya akitafute, lakini kwa mkono wa kulia, akajipinda kuuvusha mbele ya mwili mpaka kushoto. Kule kujipinda ndiko kulikomwangusha. Chuma kilichowekwa kumzuia asianguke ndicho alichokuwa anakifuata akavunjika.

Mapunda alikaa sakafuni moja kwa moja.

"Kwa nini hukuniambia, Bibi?"

"Hukuniuliza, mwanangu."

Na ukweli ni kwamba angemwulizaje? Mwanaume, tena mgeni, tena Mkristo, amsimamie bibi wa Kiislamu kwenye mlango wa choo amwulize anafanyaje humo ndani. Kwetu huko ni kutafuta kupigwa. Adabu ya fundi na adabu ya mwenye nyumba zilikutana pale, kila mmoja akamsitiri mwenzake, na mguu wa mtu ukavunjika katikati.

Wiki ile ile Mapunda aliuchukua tena ufunguo wake wa vifaa, na akamwomba mwenyekiti jambo ambalo halikuwahi kusikika: karakana iajiri mwanamke wa kutangulia majumbani kuuliza. Akanitaja mimi. Hivyo ndivyo mkaanga vitumbua alivyoingia ofisini. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukaa na akina mama na kuuliza mkono gani unafanya nini, goti gani linauma, mtu anakaa kwenye kibao cha mbuzi muda gani na anainukaje na bakuli la nazi. Katika nyumba moja mzee wa watu alinifukuza na bakora mpaka barabarani, akisema ushirika sasa umevuka mipaka. Mapunda alirudi nami pale, akamwambia kwa upole kwamba hata akipigwa bakora, swali litabaki lilelile. Yule mzee akajibu, tena kwa kirefu kuliko tulivyohitaji. Kuanzia hapo hakuna fundi wa karakana hii anayetoboa ukuta kabla ya kuuliza, na vijana wengi wanadhani ndivyo kazi ilivyokuwa siku zote.

Lakini kwa Bibi Siti palikuwa bado. Upande wa kulia hakukuwa na ukuta wa kushika. Mapunda alichagua bomba nene, akalichimbia chini nje kidogo ya sakafu, akalimiminia saruji, na juu akalikaza kwenye boriti ya paa. Uwesu akachomelea mkono wa kushikia kwa urefu nilioupima mimi kwa Bibi mwenyewe, amekaa kitandani hospitali, watu wote wakitushangaa. Kile cha kushoto Mapunda alikikata kwa msumeno mpaka ukutani, na hakutaka kusaidiwa.

Bibi aliporudi nyumbani, plasta imeondolewa, Hamis alikuwa ameshakata tiketi mbili za basi la Mbeya. Masanduku yalikuwa mlangoni. Mapunda alisimama uani, kofia mkononi. Hamis alimtazama bila kumsalimu. Bibi aliomba maji kwenye kopo. Hamis akasema atamsaidia kuingia, Bibi akakataa; nikasema mimi basi, akakataa pia. Akaingia peke yake na fimbo, akarudishia mlango.

Tukasubiri. Wapangaji wote walikuwa wametoka vyumbani, kila mmoja anajifanya ana shughuli uani. Tulisikia fimbo ikiegemezwa. Tulisikia maji yakimwagika. Kisha hakukuwa na sauti yoyote, na kimya kile kilikuwa kirefu mno. Hamis alipiga hatua kwenda mlangoni, Mapunda akamshika bega, na sijui aliupata wapi ujasiri huo, maana yule kijana angeweza kumtupa chini. Nilimwona Mapunda ameuma mdomo. Mimi nilifumba macho, kwani kishindo cha asubuhi ile kilikuwa kinanirudia masikioni.

Mlango ukafunguka. Bibi Siti alitoka wima, amejitanda kanga yake vizuri, akaenda kwenye ndoo akanawa mikono yote miwili kwa sabuni bila haraka. Akajifuta. Akampa Mapunda mkono wa kulia, naye akaupokea kwa mikono miwili. Halafu akamgeukia mwanawe.

"Hamis, basi linaondoka saa ngapi? Usije ukaachwa. Na tiketi yangu kairudishe."

Hamis akaketi juu ya sanduku la mama yake akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kabla ya kuondoka alimwomba Mapunda amwonyeshe namna ya kuning'inia, akaning'inia yeye mwenyewe. Bibi Siti yuko katika nyumba ile mpaka leo, na jana alinituma nilete salamu zake kwenye sherehe hii.

Ndugu Leodegar, karakana nzima inakushukuru kwa kila ukuta ulioutoboa, na hasa kwa ule mmoja ulioukosea ukarudi kuuliza. Msalimie shemeji yetu, pumzika, lima mahindi yako, na Uwesu anasema safari hii chakula cha mchana utamwachia kwa hiari. Tunakutakia uzee wenye afya na miguu isiyotetereka. Na siku itakapotetereka, tunakutakia mtu wa karibu ambaye hataona haya kukuuliza unashika kwa mkono gani.