Kidole Yangu na Motokari ya Ngeleka

Songeeni ku kitanda, batoto bangu, na wewe Kisimba, mukubwa wao, weka ile karatasi chini kwanza, juu unaishika sawa mutu mwenye kushika kuku ya kuiba. Kalumba, funga mulango, si juu ya baridi, ni juu ya mama Tshiela, jirani wa lupango ya pembeni. Masikio yake inapita ukuta, najua, mi mwenyewe njo nilimufundisha.

Kile munangoja nakijua. Mumepata mutu wa Tenke wa kununua motokari yetu, ile kamionete ya kijivu inalala mu lupango tangu miaka kumi na moja, na amesema bila karte roze, ile karatasi ya kuonyesha mwenye motokari ni nani, hatagusa hata mulango yake. Ku biro ya plaki, bale ba namba ya motokari, bamemuambia Kisimba kwamba duplikata, karatasi ya pili, inaweza kutoka, lakini mwenye kununua aape mbele ya bashuhuda babili kama alinunua halali, na karatasi ikapotea. Mwenye kununua, munasema, ni mi. Bashuhuda Kisimba ameisha kubapata, najua hata bia gani balikunywa. Inabaki kidole yangu tu mu wino. Bibi ya Kisimba anapita akisema mama mukwe ni mukaidi. Aseme, mudomo ni yake. Mi nimekataa kutia kidole juu sijui kama ile motokari niliinunua. Mungu anisikie, batoto bangu, sijui.

Usicheke, Kalumba. Mutu anaweza kuzeeka na kitu mu lupango na asijue ilingia namna gani.

Ile mwaka bantu ba Kasai bamefukuzwa hapa Kolwezi, ninyi mulikuwa bakubwa, mulona namna bantu baliandika ku milango ya bengine na chaki, namna jamaa nzima zililala mu gare juu ya magodoro, juma ya kwanza, ya pili, ya tatu, bakingoja treni. Ngeleka alikuwa jirani yetu miaka kumi na saba. Munamuita Mukasai, lakini alizaliwa hapa hapa, na baba yake alichimba shaba mu shimo moja na babu yenu. Yeye hakutaka gare. Alitaka kutengeneza kamionete yake akamate njia ya Lubudi, yeye na bibi yake na mutoto yao Mushiya. Nilingia kwake kuomba chumvi, nikamukuta chini ya motokari, miguu tu inje. Akaniambia, "Mama Godelieve, kile umeona, usikione." Nikamujibu, "Mi? Mi ni kaburi, tata."

Kaburi! Asubuhi ku bomba ya maji kila mwanamuke alikuwa na habari yake, moja alileta hata mimba ya mutoto wa katekista, na mi nilisimama na ndoo yangu sawa mugeni, mudomo mutupu. Haya gani ile, mwanamuke bila habari ku bomba! Basi nikamuambia Tshiela, Tshiela peke yake, katika sikio. Jua haijafika ku kichwa, bavijana ba kufukuza bantu balikuja na vyuma, bakavunja kioo ya mbele, bakapasua mipira yote ine. Banasema ulimi haina mufupa. Ni kweli, lakini inavunja mifupa ya bengine. Kile sijakisema kwa mutu. Kwa padri nilisema nusu.

Mado, mutoto wangu, maji. Kidogo. Basi.

Sasa njo pale kichwa yangu inapotea, musikilize polepole juu mi pia nasikiliza. Ngeleka alienda ku gare sawa bengine. Siku ya tatu nilimufuata. Nilitoka pale na ufunguo ya motokari mu leso, na Ngeleka alibaki na gunia ya bunga ya mahindi na samaki ya kukauka. Ile yote ni kweli, mutu hawezi kukataa. Lakini nini ilitangulia? Hapa kwetu munajua, mutu anaenda safari ndefu, unamupa chakula ya njia, na chakula ya njia haihesabiwe, haiulizwe, haiwezi kununua hata sindano; mwenye kuifanya bei analaaniwa yeye na tumbo yake. Kama nilifika na gunia ku kichwa, nikaituliza chini, na yeye kisha akatoa ufunguo, basi bunga ilikuwa chakula ya njia, na ufunguo alinichungisha tu, motokari ni yake mpaka leo. Lakini kama nilifika mikono mitupu kumuaga, akatoa ufunguo akisema, "Kamata, mama, mi ninaenda nayo wapi?" na mi nikakimbia nyumbani kuleta gunia, basi ile ilikuwa bei. Bei ya haya, lakini bei.

Na mi nimeisimulia namna zote! Polisi akiuliza motokari ni ya nani, ufunguo ilitangulia. Ku kanisa, mbele ya bamama ba kwaya, gunia ilitangulia, ili baseme Godelieve ana huruma. Siku ya ndoa ya Kisimba, ili jamaa ya bibi bajue banaingia mu nyumba ya namna gani, nilitia hata mbuzi ndani. Sasa nikifunga macho naona gare, naona Ngeleka, naona mbuzi amesimama pale kati ya magodoro, na mbuzi hakukuwa! Tangu miaka kumi na moja nimepika hii habari, sasa siwezi kujua nyama gani ilikuwa ndani ya chungu.

Ku biro mi pia nilienda, mwaka wa kufuata, hamukujua. Tata Polycarpe, karani wa pale, alichukua kalamu. "Mama, ulinunua, ulipewa, ao ulichungishwa?" Nikamuambia, "Andika zote tatu, tata." Akasema, "Motokari moja haiwezi kuwa na hadisi tatu." Nikamujibu, "Wewe mbona uko na bibi batatu, na kila mutu mu mutaa yetu ya Manika anajua?" Alifunga buku yake. Nikarudi na miguu, nikicheka mpaka soko, na kisha sikucheka tena.

Juu Ngeleka hakufika Kasai. Alikufa mu treni, mbele ya kufika Kamina, bakamuzika pembeni ya reli. Kama angeenda na motokari yake... Niache, Mado, sifuti machozi, ni jasho.

Mushiya amerudi. Ndiyo, Kisimba, amerudi mwaka iliyopita. Ni ule wa kuuza maharagi mu soko ya Manika, meza ya pili ukitoka ku bamama ba bunga. Mado, wewe njo unanunua kwake kila juma na kusema anapima vizuri. Mi napita ngambo, kitambaa mpaka ku macho. Ile siku ya gare alikuwa na miaka kumi na mbili, alikaa juu ya godoro, akishika viatu bya baba yake, na hakuondoa macho juu yangu. Yeye alona. Mi nimesema sana, yeye alona tu.

Mado, pasua karatasi moja mu kaye ya masomo ya mutoto, karatasi mweupe. Lete wino. Hapana, Kisimba, si ile yako. Nimesema hapana, na kama hii kidole ni ya mwisho kutia, basi ni ya mwisho. Shika mukono yangu, Mado. Hapa, chini kabisa. Basi. Kidole yangu ile, na juu yake hakuna neno hata moja. 

Utaibeba wewe, Mado. Kisimba nakupenda, lakini nakujua. Muende bote batatu, na ufunguo. Mumuambie Mushiya ile ya bomba, yote, jina yangu ndani. Kisha mumuulize nini ilitangulia. Kile atasema, yeye mwenyewe aandike juu ya kidole yangu, na mukono yake. Akiandika tulinunua, muende biro, muuze, na bashuhuda babaki nyumbani. Akiandika ni ya baba yake, mutaisukuma mpaka kwake, Kisimba nyuma. Akipasua karatasi... akipasua, muokote vipande, murudi, na mutu asikae tena ndani ya ile motokari.

Kalumba, inama. Na wewe, mukubwa, inama, hasira utaibeba kesho. Mungu abape milango ya kuingia bila kujificha. Abape batoto ba kusema kidogo kuliko mi... kidogo tu, nyumba ya kimya nayo ni mbaya. Sina pumzi. Muende, soko inafunga. Mumusalimie na mikono mibili. Na musikae... musikae kama yeye hajabaambia mukae.