Fimbo ya Mzee Hamo

Benchi letu liko nje kwa Mama Maud, mpika pombe ya shayiri, na asubuhi ile fimbo ilikuwa imelazwa juu yake kati yetu. Kwetu ardhi yote ni ya bwana. Ukitaka kumwachia mtu shamba, unalirudisha kwa bwana kwa fimbo na kumtaja unayempa. Mzee Hamo alikuwa hawezi tena kufika kwenye baraza la bwana, kwa hiyo jana aliishika fimbo kitandani mbele ya majirani wawili watakaoipeleka na kutoa ushahidi: Wilkin, na yule tunayemwita Kengele, mpiga kengele wa kanisa. Kijiji kizima kilijua anamwachia Avice, mtoto wake wa kulea. Alfajiri mzee akafa. Baraza ni kesho.

— Hii si ya mwaloni, akasema Bata, mfuga mabata wetu. Msimamizi wa bwana ataitupa.

— Acha uchuro, Bata! akasema Wilkin. Ya baba yako si ilichomolewa kwenye uzio? Mimi ninachohofia, aliishika kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto unatoa nusu shamba.

— Nusu ipi?

— Ya mtoni.

— Wasemaje? akauliza Kengele, kiganja sikioni.

— YA MTONI!

— Kuna baya zaidi, akasema Bata. Fimbo ikibaki na joto la marehemu, shamba linamfuata kaburini.

— Akalime huko na nani, na wewe na mabata wako?

Tukacheka, kidogo tu, maana Avice alikuwa anakuja. Mikono ya gauni lake ilikuwa mibichi. Alitoka kumwosha mzee.

— Pole, binti.

— Nimepoa, wazee wangu. Mjomba Wilkin, alinitaja?

Wilkin akajikuna shingo.

— Alisema kitu. Mimi nilikuwa naangalia fimbo, isimponyoke.

— Na wewe, Mzee Kengele?

— Eeh?

Akainama sikioni mwake.

— ALINITAJA?

— Midomo ilicheza, mwanangu.

— Msimamizi naye atauliza hivyo hivyo, akasema Bata taratibu. Bila jina, shamba linakwenda kwa mpwa wa marehemu, yule wa mjini Lincoln.

— La shamba mtalisema kesho. Nimemuuguza miaka kumi na mmoja, akiniita "wewe" tu. Jana mkanitoa nje, mkasema ndiyo desturi. Nilitaka kujua tu kama siku hiyo moja aliniita Avice.

Akaigusa ncha ya fimbo, pale mzee alipoishika. Mama Maud akatoka na mtungi, akatutazama, akarudi nao ndani.