Dakika Kumi na Moja za Meza ya Mimea

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakuu wa kituo wa pande zote mbili za mpaka, mawakala wa forodha, madereva, ndugu wageni waalikwa, na wewe mama uliyesimama karibu na mlango kana kwamba nitatoroka: habari za asubuhi.

Nimeitwa hapa kama binti aliyepima muda. Kabla hamjanipigia makofi, nina jambo ambalo hadi leo asubuhi sikuwahi kumwambia mtu. Namba moja kwenye ule mchoro ukutani niliibuni.

Mchoro mnaujua. Mama yangu, mratibu wa mizigo, aliunganisha kalenda kuukuu nane kwa gundi, akachora nyuma yake safari ya lori tangu geti la kwanza hadi linapovuka: kila hatua kisanduku, kila karatasi mshale. Mimi nasoma shule ya lugha mbili, basi nikaandika kila kisanduku mara mbili, wenzetu wa ng'ambo nao wasome. Likizo ilipofika akanipa saa na daftari. "Usiandike watu wanavyodhani, mwanangu. Kaa, pima."

Nikapima mizani. Nikapima forodha. Meza ya ukaguzi wa mimea ikanishinda. Foleni ilikuwa ya wanaume peke yao, na afisa wake ana sauti ya radi. Haya zikanishika, nikajibanza nyuma ya kontena, nikaandika bila kupima: saa tatu kwa kila lori.

Ni nani angeitilia shaka namba iliyopigiwa mstari kwa rula? Kazi ya mama ilizaa matunda: wakaguzi wa nchi mbili wakawekwa chumba kimoja, lori likafunguliwa mara moja badala ya mbili, siku tatu zikawa moja na nusu. Hayo ni kweli tupu, na ninajivunia mama yangu. Lakini meza ya mimea ilisukumwa mwisho kabisa, kule karibu na choo, isije ikawachelewesha wengine. Nanyi madereva, maneno hayawaishi, mkambandika afisa jina la Bwana Kesho.

"Bwana Kesho, leo ni leo?"

"Leo ni leo, lete cheti," alijibu, akacheka pamoja nanyi. Je, alijitetea? Hata siku moja.

Juzi, kwenye majaribio ya jengo hili jipya tunalolifungua leo, nilijikaza nikaenda kusimama mezani kwake na saa yangu. Akanisogezea kiti bila kuniuliza kitu. Malori ishirini, na kwa wastani kila moja dakika kumi na moja. Muda wote uliobaki alikuwa akingoja cheti cha mizani, kinacholetwa kwa miguu kutoka geti la kwanza. Aliyengoja kuliko sisi sote ndiye tuliyemwita mchelewaji.

Leo asubuhi nilikuwa ofisini kwa mama, naandika maneno haya huku nimeyafunika kwa mkono. Nyayo zake zilipokaribia mlango, nikauondoa mkono. Alisoma akiwa amesimama. Akarudia. Nikangoja kufokewa.

"Mwandiko wenyewe kama mchwa. Utausomaje mbele ya watu?"

"Mama, hujakasirika?"

"Nimekasirika sana. Twende, ukashike upande mmoja wa ile meza."

Ndiyo maana, mabibi na mabwana, mtakapofika geti la kwanza mtaikuta meza ya mimea kando kabisa ya mizani, cheti kikipokewa kwa kunyoosha mkono tu.

Mzee wangu, afisa wa mimea, nisamehe. Niliogopa sauti yako dakika moja, ukabeba aibu yangu miezi saba.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza. Mheshimiwa ameridhia afisa wa mimea ndiye alipokee lori la kwanza, nalo liko getini, injini inanguruma. Mzee wangu, simama upite mbele. Safari hii madereva ndio wanaokungoja wewe.