Kapita Aliyehesabu Watu Wakishuka

Mzee wetu Jean-Berchmans Karangwa alizaliwa tarehe 12 Juni 1961 huko Ngozi, Burundi, katika familia ya wakimbizi wa Rwanda. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha miaka miwili ya uashi kwa mapadri, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, alifaulu ukuta akafeli Kifaransa.

Mwaka 1988 alifunga ndoa na Spéciose, wakajaliwa Joselyne na Kenny. Walirudi Rwanda mwaka 1995, wakajenga Gahanga. Mama Joselyne anakiri kwamba tangu mumewe alipoanza kupanda maghorofa, hakuogopa kitu kama kuletewa maiti yake juu ya ubao.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 2009, huko Kinyinya, Mzee alikuwa kapita, msimamizi wa waashi, nao walilipwa kwa mita ya ukuta. Kufunga na kufungua mkanda wa usalama kuliwapunguzia mita, kwa hiyo mikanda ilining'inia msumarini, na Mzee mwenyewe alifumba macho. Kisha mwashi mmoja, Ismaël, akaanguka kutoka ghorofa ya pili, akavunjika mguu. Mzee alijilaumu mbele ya wote. Akamwendea mwenye jengo, akamwambia: “Bosi, mtu wa mita, mkanda iko adui yake. Tulipe kwa siku, pesa ya kulisha nyumba, watajifunga.”

Bosi alikataa. Waashi wakakaa chini siku tatu bila kugusa kazi, Mzee kati yao, na nyumbani Spéciose akapika maharage bila mafuta, wala hakunung'unika. Siku ya nne bosi akakubali. Tangu hapo Mzee alisimama chini ya ngazi kila jioni akihesabu watu wakishuka, na hakuna aliyeanguka tena.

Alizoea mkanda hadi akapitiliza. Siku alipopanda kutengeneza bati la jiko lake mwenyewe, alijifunga kwenye mparachichi, majirani wakacheka mpaka machozi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alitibiwa hospitali ya Kanombe, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, alifariki mkono wake ukiwa mkononi mwa Spéciose. Mama alilia sana, kisha akashusha pumzi, akasema: “Nashukuru Mungu. Amefia kitandani kwake.”

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, na waashi kumi na tisa waliofika hapa leo kwa miguu yao wenyewe, Ismaël na fimbo yake.

Pumzika kwa amani, Kapita. Wote wameshuka.