Sista Priscilla Werema na Somo la Ufilipino

Baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, kumi na miwili wodini na ishirini na miwili mbele ya ubao, Sista Priscilla Werema anastaafu rasmi Jumapili, tarehe 31 Agosti. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Elijah Okari, kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu mbili: nilikuwa mwanafunzi wake kabla ya kuwa mwalimu mwenzake, na wengine wote walioombwa walikuwa na udhuru. Ipo ya tatu ambayo kamati imeificha kwa adabu. Darasa jipya la wanafunzi arobaini linafaa kuanza Septemba, na juzijuzi lilikaribia kufutwa. Sababu ilikuwa mimi. Nitafika huko.

Sista Priscilla, ambaye ni sista wa wodi na si mtawa, alizaliwa Kehancha na akapelekwa na wazazi wake kusomea uuguzi katika hospitali moja ya misheni karibu na Mbita, akiwa hajui Kijaluo zaidi ya salamu. Aliyemfundisha alikuwa mtawa kutoka Ufilipino, Sista Remedios, ambaye naye hakujua hata salamu. Wawili hao walijifunza lugha pamoja kutoka kwa wagonjwa, na ndiyo maana mpaka leo Kijaluo cha Sista Priscilla ni kizuri sana katika mambo ya tumbo na viungo, lakini hawezi kununua viatu nacho. Sista Remedios alikula omena, wale dagaa wa ziwani, kwa wali asubuhi, mchana na jioni. Wanafunzi wake walimhurumia, wakidhani amenyimwa ugali.

Kutoka kwake Sista Priscilla alirithi somo ambalo sote tuliopita chuo hiki tunalijua kama Somo la Ufilipino. Hulifundisha kila mwaka katika wiki ya tatu, bila kushika karatasi. Huanza na wamisionari wa Kimarekani waliofungua shule za uuguzi huko mwanzoni mwa karne iliyopita, na wazazi waliokataa katakata binti zao wakaoshe wanaume wasiowajua. Huendelea na mabinti walioenda hivyo hivyo, wakahitimu, na mwaka 1922 wakaunda chama chao wenyewe. Hapo husimama kidogo, kwa sababu hapo ndipo alipotaka tukumbuke kwamba kazi hii ilipiganiwa.

Kisha, kwa kuwa ni mkweli, humalizia sehemu iliyobaki: baada ya vita vikuu vya pili wauguzi walianza kupelekwa Marekani kwa miaka miwili ya mafunzo, wengi hawakurudi, na baadaye milango ya Uarabuni na Ulaya ikafunguliwa. Siku hizi ni vigumu kupata hospitali kubwa duniani isiyo na Mfilipino, ilhali kule kwao kuna zahanati zinazomtafuta muuguzi mmoja.

Alikusudia sehemu hiyo ituhuzunishe. Sisi tuliifanya tangazo la kazi. Kila mwaka, siku iliyofuata somo hilo, foleni ya kuomba nakala za matokeo ilifika nje ya ofisi ya karani. Mwaka wetu nilikuwa wa kwanza kwenye foleni hiyo, na nilikuwa bado sijafanya mtihani hata mmoja.

Sifa zangu nyingine chuoni zinajulikana. Sista Remedios alikuja na desturi ya kwao ya kuwavika wanafunzi kofia nyeupe huku wamewasha mishumaa, na Sista Priscilla ameidumisha. Wavulana walipewa beji tu. Mimi nikaandika barua ya malalamiko ya kurasa tatu kuhusu usawa, nikashinda, nikavikwa kofia, nikainama kwa heshima juu ya mshumaa wangu mwenyewe. Sista Priscilla aliuzima moto kwa maji ya maua ya mgeni rasmi bila kukatiza wimbo. Tangu siku hiyo wavulana hupewa beji, na hakuna aliyelalamika tena.

Halafu kuna mtihani wa Kiingereza, ule wa wanaotaka kwenda ng'ambo. Niliufeli mara mbili, mimi mwalimu wa chuo, ninayefundisha kwa Kiingereza. Mara ya pili tuliambiwa tumwandikie jirani barua ya kumlalamikia kuhusu kelele. Nilieleza kwamba jirani aliamka akiwa katika hali ya kuridhisha, amekunywa uji, amekwenda haja, na kelele zinaendelea kufuatiliwa kila baada ya saa nne. Nilimwonyesha Sista Priscilla nakala niliyoiandika upya kwa kumbukumbu. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Wewe Okari, hii ni barua ama ni ripoti ya wodi? Huyu jirani umem-admit lini?"

Kisha akanifundisha. Jumamosi kumi na moja mfululizo, nyumbani kwake, na chai juu. Mara ya tatu nilipita. Mwezi Juni barua ikaja kutoka hospitali moja ya Wales: naripoti mwezi wa tisa.

Hapa ndipo darasa la Septemba linapoingia. Kanuni za chuo chetu hazituruhusu kupokea wanafunzi wapya bila walimu wawili wa muda wote. Tulikuwa watatu: Sista Priscilla, Madam Dorine Maranga na mimi. Sista akistaafu tunabaki wawili, tunatosha kabisa, na yeye alikuwa ametulia. Tangu Januari alikuwa akituhesabia mipango yake: ng'ombe wawili, jiko jipya Kehancha, magoti yake yapumzike kupanda ngazi, na kulala mpaka saa mbili asubuhi, jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa msichana. Mimi nikiondoka, anabaki Dorine peke yake, na barua arobaini za kuwaita wanafunzi zilikuwa zimeshatumwa.

Nilikaa na habari hiyo wiki tatu. Nilijiambia natafuta wakati mzuri wa kumweleza mkuu wa chuo, Bwana Kerosi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, na nilitumaini jambo lingejitatua lenyewe. Mwishowe nilimwambia Sista kwanza, kwa sababu nilihitaji barua ya mapendekezo. Aliiandika siku hiyo hiyo. Ilisema kwamba nina haraka, kwamba sipaswi kupewa mishumaa, na kwamba katika miaka yote aliyonijua sijawahi kumwacha mgonjwa na kiu. Niliisomea chooni, nikalia.

Kwenye kikao cha walimu nilieleza habari ya Wales, na Bwana Kerosi akauliza tufanyeje na darasa. Sista Priscilla akainua mkono akasema atachukua mkataba wa mwaka mmoja.

"Hao watoto wameshanunua viatu vyeusi," alisema. "Okari aende. Hiyo historia ni mimi nilimfundisha, si ati sikujua inaenda wapi."

Sherehe haikuahirishwa kwa sababu mbuzi alikuwa ameshanunuliwa. Kwa hiyo tunamuaga Jumamosi kwa hotuba na keki, anastaafu Jumapili, na Jumatatu saa mbili asubuhi, saa ile aliyopanga kuwa ndiyo anaamka, atakuwa darasani na wanafunzi arobaini. Mimi nitakuwa nikifunga sanduku.

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wote waliopita mikononi mwako, Sista, tunakushukuru. Tunakutakia afya, magoti mepesi, ng'ombe wenye maziwa, na usingizi mrefu utakapofika. Sote katika kazi hii tunajua kwamba muuguzi haondoki wodini mpaka wa zamu inayofuata afike. Wako nilikuwa mimi. Nisamehe kwa kutofika.