Warda, Aliyeanikwa Pamoja na Mpunga

Warda binti Gharibu alizaliwa Mbuchi tarehe 14 Machi 1999. Kila aliyembusu paji la uso aliondoka na ladha ya chumvi, nasi tukasema ndivyo walivyo watoto wa Delta ya Rufiji, penye maji ya chumvi. Kumbe ni maradhi. Alipofika miaka saba, daktari wa Dar es Salaam aliyaita sistiki fibrosisi: ya kurithi, hujaza ute mzito mapafuni na kuzuia mafuta ya chakula yasiingie mwilini. Akaongeza kuwa huenda hatavuka utoto. Bibi yake, Mwanamkuu, akamjibu, "Huyu ndiye atakayenizika mimi. Wewe andika dawa."

Alisoma Mbuchi, kisha sekondari Kibiti. Akiwa kidato cha pili alikohoa mpaka ubavu mmoja ukavunjika. Vipimo vikaonyesha mifupa imedhoofu kwa kukosa vitamini D, ile ambayo ngozi huitengeneza kwa jua. Mbuchi nzima ilinuna. Kwa jua hili letu, mtu atuambie limepungua! Bibi hakubishana. Msimu ule wa mavuno alimwanika Warda mkekani pamoja na mpunga, akimgeuza kila alipougeuza, na fimbo akampa afukuze kuku. Mpunga ulikauka vizuri sana. Vitamini haikupanda.

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Jua peke yake halikumtosha. Alihitaji matone ya vitamini, ayanywe na chakula cha mafuta, pamoja na vidonge vya kuyasaga mafuta hayo. Tangu hapo Warda hakukosa shughuli yoyote yenye karamu. Alifika na cheti mkononi: "Daktari kaandika, nipakulieni penye tui zito." Ndivyo alivyompata Haitham, mpakuaji wa pilau kwenye harusi moja ya Bungu, mtu wa kwanza kukisoma cheti kile mpaka chini. Walioana mwaka 2022, wakakaa Bungu, Warda akishona nguo. Mfupa haukuvunjika tena.

Mapafu ndiyo yaliyochoka. Siku moja kabla ya kufariki, alimpigia Bibi simu: "Nisamehe, Bibi, sitaweza kukuzika." Bibi akasema, "Hujanikosea, mjukuu wangu. Utoto uliuvuka." Warda alifariki Dar es Salaam alfajiri ya Jumatatu, 11 Agosti 2025.

Ameacha mume, wazazi wake Gharibu na Salama, mdogo wake Biasha, na Bibi Mwanamkuu. Leo asubuhi Bibi ametandika mkeka uani, mtupu, na kuketi kando yake na fimbo. Hakuna kuku aliyeusogelea. Mola amlaze Warda pema, penye nuru isiyopungua.