Mitungi ya Nalianya Ilikuwa Imejaa

Kabla ya kusema alizaliwa lini, naweka jambo moja sawa. Mitungi ya kuzimia moto ya mume wangu, marehemu Barnaba Wafula Nalianya, haikujazwa unga wa ugali. Wanaosimulia hivyo kwenye bucha za Noonkopir waliona poda nyeupe imemwagika uani baada ya moto. Ile poda ndiyo dawa yenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 huko Kimilili, mtoto wa tatu wa Mzee Wafula na Mama Roselida. Alisoma hapo hapo Kimilili, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978, kisha akajifunza katika karakana moja ya Nairobi kazi ya kukagua na kutunza vifaa vya kuzimia moto.

Tulifunga ndoa kanisani tarehe 12 Desemba 1987. Mwaka 1991 tulihamia Noonkopir, mimi nikifundisha sekondari, yeye akizungukia viwanda na maofisi kutoka Kitengela hadi Kajiado. Kila mtungi aliutazama mshale wa presha, akakagua pini na mpira, kisha akaupindua na kuupigapiga kitako ili poda isigande. Mwanetu Melvin alipozaliwa, alimweka begani akampigapiga mgongo vivyo hivyo, ametega sikio.

"Baba Melvin, huyo ni mtoto," nilimwambia.

Mtoto akacheua. "Najua, mwalimu. Lakini umesikia? Imeachilia."

Kwa miaka sita alihudumia kiwanda kimoja cha magodoro kando ya barabara ya Namanga. Mnamo Oktoba 2005 alikuta misumari mitupu ukutani. Msimamizi alikuwa ameifungia mitungi stoo kwa sababu vijana walichezea pini, naye alitaka wageni wa kampuni waikute ikiwa mipya. Marehemu alinisimulia jioni hiyo walivyojibizana.

"Irudishe ukutani leo."

"Mzee, huko stoo iko salama. Kwani si ni wewe ulisema isiguswe?"

"Nilisema isichezewe. Sasa moto ukianza, uje kwako kuomba ufunguo?"

"Itarudi, wacha wasiwasi. Wageni wakienda tu."

Marehemu hakuishia hapo. Alipanda kwa meneja, akaambiwa msimamizi ameshaagizwa. Wageni walikuja, wakaenda. Mitungi ilibaki stoo.

Tarehe 9 Novemba moto ulishika sponji. Msimamizi alikuwa ameenda soko la mifugo Bisil, ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Marehemu alikuwa akifanya kazi ua wa jirani. Alikimbia na mitungi miwili aliyokuwa nayo garini, akaitumia ikaisha. Akauvunja mlango wa stoo kwa nondo, akaanza kuitoa ile mingine, yote imejaa, akipulizia ndani na watu wakimvuta shati arudi. Paa likaanguka. Roda, aliyekuwa akishona vifuniko vya magodoro, hakutoka.

Moshi ule ulimharibu marehemu mapafu. Alilazwa Kajiado, kisha Nairobi, kisha wakaturudisha nyumbani. Aliniomba niutoe mtungi uliokuwa umetundikwa jikoni kwetu tangu 1991, nami nikautoa. Alikuwa akikaa kitandani akihema, akiniambia, "Elsie, ilikuwa imejaa." Nilimjibu kila mara kwamba najua. Haikumsaidia kitu. Alijua kwamba najua, na Roda alibaki amekufa.

Alifariki nyumbani tarehe 17 Juni 2006, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba. Wengi wameniambia kwamba ameenda akiwa ametimiza wajibu wake. Ni kweli aliutimiza. Nimejaribu kupata faraja katika hilo, sijaipata. Alifanya kila kilichotakiwa kufanywa na hakuna kilichookoka, wala yeye mwenyewe.

Ameacha mjane, Elsie Amolo. Watoto wawili, Melvin na Nekesa. Mama yake mzazi, Mama Roselida. Na ndugu wanne. Nekesa amesikia habari ya unga shuleni. Asiisikie tena kwa yeyote aliyesimama kwenye kaburi hili.

Mungu amlaze pahali pasipo moshi.

Mwenye ule ufunguo amekuja leo, amekaa nasi. Simtaji jina, na asije nyumbani kwangu kujieleza. Nimemaliza. Siongezi neno.